Una kisukari na umechoka na miwani: leza ipi, au usifanye leza kabisa?

Wenye kisukari wanaouliza habari za leza ya macho ni watu wa aina mbili, na hawafanani. Wa kwanza ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anajichoma insulini tangu yuko shule, anavaa miwani mizito, na ameona kwenye simu mtu akiingia chumba cha upasuaji na miwani na kutoka bila miwani. Wa pili ni mama wa makamo wa Ngamiani, hapa kwetu Tanga. Daktari wa macho amemwambia anahitaji leza, naye akarudi nyumbani kuwatangazia wanawe kwamba sasa miwani basi. Mama huyu hakudanganywa, ila hakuelezwa. Leza aliyoandikiwa haimwondolei miwani. Kazi yake ni kumkinga asipofuke.

Kwa hiyo kabla ya kuzipima LASIK na wenzake, yaani leza za kuacha miwani, tuzitenganishe kwanza leza hizi mbili. Anayezichanganya atachagua vibaya hata akisoma usiku kucha.

Leza ya mbele na leza ya nyuma

Leza ya kuacha miwani inafanya kazi kwenye konea, kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho. Katikati konea ina unene wa karibu nusu milimita. Leza inaipunguza kidogo mno, kwa namba za kawaida haifiki hata unene wa unywele, ili umbo lake libadilike na mwanga uangukie panapotakiwa. Leza inayotumika zaidi inaitwa eksima. Mwanga wake ni wa urujuanimno, urefu wa wimbi nanomita 193, na Marekani iliidhinisha kuitumia kurekebisha macho mwaka 1995. Ni upasuaji wa hiari. Usipoufanya mwaka huu, jicho lako halipungukiwi na kitu.

Leza ya nyuma inapita konea na lenzi bila kuzidhuru, ikafika kwenye retina, lile tabaka la ndani linalopokea picha. Huko inachoma vidoa vidogo, mamia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, kando kando ya retina. Ukisikia "kuchoma" unaogopa, lakini sababu yake ni hii: sukari ya juu ya miaka mingi huharibu vimishipa vya damu vya retina, sehemu za retina zikakosa hewa ya oksijeni, nazo zikaanza kudai mishipa mipya. Mishipa hiyo mipya huota ovyo, ni dhaifu, huvuja damu ndani ya jicho, na baadaye hujikunja na kuivuta retina mpaka ibanduke. Leza huziua zile sehemu za pembeni zenye njaa ili katikati pasalimike, kama nahodha anayetupa shehena baharini chombo kisizame. Shehena hairudi: baada ya leza hiyo wengi huona hafifu zaidi gizani na pembeni. Uoni uliokwisha kupotea haurudishwi. Ila utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake 1976 ulionyesha kwamba kwa macho yaliyofika hatua hiyo, leza hupunguza hatari ya kupoteza uoni vibaya kwa nusu na zaidi. Hii si ya hiari, na haingoji mavuno wala mwisho wa muhula.

Basi ukiandikiwa leza, muulize daktari swali moja tu: "Ni ya mbele au ya nyuma?" Kama ni ya nyuma, yaliyoandikwa hapa chini kuhusu LASIK hayakuhusu kwa sasa. Ruka mpaka pale penye sindano.

Nyuma ya jicho pakoje?

Hapa ndipo ninapotofautiana na matangazo yanayoanza na kupima konea. Kwa mwenye kisukari, cha kwanza ni retina. Mwenye kisukari aina ya pili anatakiwa apimwe retina mara tu anapogundulika, kwa sababu huenda sukari ilikuwa juu miaka kadhaa kabla hajajua. Wa aina ya kwanza aanze ndani ya miaka 5 tangu kugundulika. Baada ya hapo ni kila mwaka, au karibu zaidi kama daktari ameona kitu. Mjamzito mwenye kisukari apimwe mapema katika mimba, maana ujauzito unaweza kuukimbiza ugonjwa wa retina.

Kupimwa kwenyewe ni matone ya kupanua mboni, halafu daktari anachungulia au anapiga picha. Kwa saa kadhaa utaona ukungu wa karibu na jua litakuumiza. Kwa mji wetu huu wa baiskeli nasisitiza: siku hiyo iache nyumbani, nenda na mtu wa kukushika mkono.

Majibu yakija, uchaguzi unajipanga wenyewe. Retina ikiwa safi, unaweza kuendelea kuifikiria leza ya mbele. Ikiwa na vidoa vichache vya mwanzo, ni mazungumzo marefu na daktari wa retina, na jibu la busara mara nyingi ni kusubiri uone kama vinatulia. Ikiwa mishipa mipya imeota, au kitovu cha retina kimevimba, habari ya kuacha miwani weka kando. Kwanza, namba yako ya miwani yenyewe haitapimika sawasawa. Pili, wakati wa LASIK jicho hubanwa kwa mvuto na presha yake hupanda sana kwa muda mfupi. Jicho lenye mishipa dhaifu halihitaji msukosuko huo.

Na usijitibu kwa kupima uoni wako mwenyewe. Kusoma kibao cha daladala kutoka mbali si ushahidi wa retina nzima. Ugonjwa huu hukaa kimya mpaka umekomaa.

Namba inayocheza

Sukari ikipanda, maji huingia na kutoka kwenye lenzi ya asili ya jicho, na lenzi ikibadilika, namba ya miwani hubadilika nayo. Kwa kawaida sukari ya juu humfanya mtu azidi kutoona mbali. Akianza dawa na sukari ikashuka haraka, mara nyingi hugeuka upande wa pili: mbali panaonekana, karibu hapaonekani. Wapo waliogundulika na kisukari, wakaanza metformini au insulini, na baada ya wiki mbili wakasema dawa zimewaharibu macho. Hazikuwaharibu. Lenzi inatafuta hali yake mpya, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki chache hadi mwezi au miwili.

Fikiria basi mtu amechongwa konea katikati ya kipindi hicho. Leza imeandika kwa kudumu namba iliyokuwa ya kupita. Miwani isiyofaa utaiweka kabatini. Konea haina kabati.

Ndiyo maana kliniki makini hutaka mambo mawili. La kwanza, namba isiwe imebadilika zaidi ya 0.50 kwa mwaka mzima. La pili ni kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Madaktari wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 8, wengine chini ya 7. Kwa lugha ya mashine ya nyumbani, asilimia 7 ni sawa na wastani wa 8.6 (mmol/L), na asilimia 10 ni wastani wa 13.4. Mwenye asilimia 10 asipoteze nauli kwenda kuulizia LASIK.

Kwa watu wa Pwani kuna tahadhari ambayo wengi hawaambiwi. Mwenye selimundu, au mwenye upungufu wa damu, kipimo cha HbA1c kinaweza kumdanganya, kikasoma chini au juu kuliko hali halisi. Kama una selimundu mwambie daktari, na uende na daftari la vipimo vyako vya kidole.

Kingine: kuna anayeambiwa HbA1c yake ya asilimia 12 haikubaliki, akafunga mkanda, ndani ya miezi michache akaishusha hadi 7 ili akubaliwe. Hongera yake, lakini awe amepimwa retina kwanza. Sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishushwa kwa kasi, retina iliyokuwa imeshaharibika inaweza kuzidi kwa miezi ya mwanzo kabla ya faida ya muda mrefu kuonekana. Si sababu ya kuiacha sukari juu. Ni sababu ya kufuatiliwa na daktari wa macho wakati unaishusha.

Na Ramadhani. Mchana hujala, jioni ni uji wa tende, mihogo ya nazi, kaimati na tambi, usiku wa manane daku. Sukari ya mwezi huo kwa wengi ni bahari ya kusi. Sisemi kufunga au kutofunga; hilo ni la daktari wako na shehe wako. Nasema mwezi huo na wiki chache baada ya Idi si wakati wa kupimwa namba ya miwani mipya, sembuse namba ya kuchongewa jicho.

LASIK, PRK na SMILE kwa jicho la mwenye kisukari

Hapa tuseme retina ni safi, sukari imetulia, umri umezidi miaka 18 na namba haijasogea. Zipo njia tatu kuu.

| | LASIK | PRK | SMILE |
|---|---|---|---|
| Jeraha | Kifuniko cha konea kinakatwa karibu duara zima, kinafunuliwa | Ngozi ya juu ya konea inaondolewa katikati | Tundu la milimita 2 hadi 4 pembeni, kipande cha ndani kinavutwa |
| Kuona vizuri | Wengi kesho yake | Siku kadhaa hadi wiki kadhaa | Siku chache |
| Maumivu | Saa chache | Siku 3 hadi 5 za kweli | Kidogo |
| Ukavu wa macho | Mwingi | Wa wastani | Pungufu ya LASIK |
| Hofu kwa mwenye kisukari | Neva nyingi hukatwa. Ngozi ya konea kuchubuka au kuota chini ya kifuniko | Ngozi kuchelewa kufunga, jicho kuingia vijidudu | Ni ya wasioona mbali zaidi. Uzoefu wake kwa wenye kisukari bado ni mdogo |

Jedwali halisemi kila kitu. Konea ni moja ya sehemu za mwili zenye neva nyingi kuliko nyingine, na kisukari kinakula neva. Kile kinachowafanya wengine wasihisi msumari unyayoni kinaweza kutokea kwenye jicho pia, polepole. Neva hizo ndizo zinazoliambia jicho litoe machozi, na ndizo zinazosaidia ngozi ya konea kupona. Kwa hiyo mwenye kisukari anaingia chumba cha upasuaji tayari akiwa na neva pungufu, kisha LASIK inakata nyingine. Matokeo yake ni macho makavu, yanayochoma, yenye ukungu unaokuja na kuondoka. Ongeza upepo wa Raskazone na vumbi la bodaboda, matone ya kulainisha macho yanaweza kuwa mzigo wa kila siku kwa miezi.

Je, hatari hiyo ni kubwa? Uchambuzi mmoja wa Marekani wa 2002 ulikuta karibu nusu ya macho ya wenye kisukari waliofanyiwa LASIK yalipata matatizo, hasa ya ngozi ya konea, wakati kwa wasio na kisukari yalikuwa machache sana. Lakini macho yaliyochunguzwa yalikuwa machache, na tafiti zilizofuata kwa watu waliochaguliwa vizuri, wenye sukari iliyotulia na wasio na madhara mengine ya kisukari, zilipata matokeo mazuri zaidi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, bado inakitaja kisukari miongoni mwa magonjwa yanayoweza kuzuia jicho kupona sawasawa. Kwa hiyo mlango haujafungwa, ila ni mwembamba.

Nikitakiwa kuchagua upande, nasema hivi. PRK ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kwa mwenye kisukari, kwa sababu inategemea kabisa ngozi ya konea kuota upya, na hiyo ndiyo kazi ambayo sukari huivuruga. Wengine hupona siku 4, wewe unaweza kuchukua zaidi, na kila siku ya ziada ni siku ya kidonda wazi. Tena maumivu yake huwapeleka watu duka la dawa kununua diklofenaki. Mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kuyumba hatakiwi kumeza dawa hizo ovyo. Aombe nyingine kwa daktari. SMILE kwa nadharia ndiyo inayokata neva chache. Iliidhinishwa Marekani 2016, na kwa hiyo haijakaa mikononi mwa madaktari muda mrefu kama LASIK. LASIK iko katikati: hupona upesi, ila kifuniko chake hakishikani tena kama konea ya asili, na pigo kali la jicho hata baada ya miaka linaweza kukisogeza. Mcheza ndondi, au baharia anayepigwa na kamba na tanga, ndiye ambaye PRK inaweza kumfaa licha ya yote niliyosema.

Asiyefaa njia yoyote kati ya hizo tatu ni mwenye ganzi ya miguu iliyokwisha kujulikana, mwenye kidonda kinachokataa kupona, mwenye figo zilizoharibika kwa kisukari, mjamzito na anayenyonyesha, mwenye konea nyembamba au iliyochongoka, na mwenye macho makavu tangu mwanzo. Ukiwa na kidonda cha mguu mwezi wa tatu sasa, mwili wako umeshajibu swali la kama konea itapona.

Halafu kuna mambo ya nyumbani ambayo karatasi za hospitali hazina. Kwa wiki ya kwanza hivi maji yasiingie jichoni, kwa hiyo udhu unahitaji utaratibu. Muulize shehe kabla ya siku ya upasuaji, wala si jambo geni kwake. Kuogelea baharini, ngoja wiki kadhaa. Wanja nao ukae kabatini kwa wiki kadhaa, na ukirudi kupaka usirudie ule wa zamani. Na usipikiche jicho hata likiwasha vipi.

Miwani na kontakti lenzi, wale wanaodharauliwa

Miwani ina sifa moja ambayo hakuna leza inayoweza kuifikia: ikikosewa, inabadilishwa. Kwa mtu ambaye namba yake inacheza, hiyo si sifa ndogo. Ukigundulika na kisukari leo, vaa miwani yako ya zamani, au nunua ya bei nafuu ya muda, ngoja sukari itulie mwezi mmoja au miwili, ndipo upimwe ya kudumu. Nimewaona watu wamelipia fremu nzuri na vioo vya gharama wiki ileile waliyoanza insulini. Fremu zimebaki nzuri.

Kontakti lenzi, zile za kuvaa juu ya jicho lenyewe, zinaonekana njia ya katikati. Kwa mwenye kisukari zina mtego: konea iliyopungua hisia haipigi kelele inapochubuka, kwa hiyo unaweza kuwa na kidonda usijue mpaka jicho limekuwa jekundu na usaha. Ukizivaa, chagua za kuvaa siku moja na kutupa, usilale nazo, usizisuuze kwa maji ya bomba wala kwa mate, na usiingie nazo baharini. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiogopa mwanga, vua na uende hospitali siku hiyohiyo. Nikilinganisha hatari tu, kontakti lenzi za hovyo ni mbaya kuliko LASIK nzuri. Miwani inazishinda zote mbili.

Umri unageuza hesabu

Kijana wa miaka 25, aina ya kwanza, HbA1c asilimia 6.9, retina safi, namba -4.00 isiyobadilika: huyu anaweza kuzungumza na daktari wa upasuaji bila aibu. Miaka mingi ya faida iko mbele yake. Ajue tu kwamba leza ya mbele haimwondoi kwenye foleni ya kupimwa retina kila mwaka. Wapo wanaoacha kwenda kliniki ya macho kwa sababu "sasa naona", na hao ndio wanaonitia hofu.

Ukifika miaka arobaini na kuendelea mambo yanabadilika, kwa kuwa lenzi ya asili imeanza kukakamaa na karibu hapaonekani. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo mjomba. Ukivua hiyo miwani, msahafu unasoma?"

"Marahaba. Nasoma bila taabu. Tabu yangu mbali tu."

"Basi ukifanyiwa leza ya mbali, msahafu utautafutia miwani."

Ndivyo ilivyo. Mtu wa -2.50 aliyezoea kuvua miwani na kusoma, au mama anayeshona kofia za vito kwa macho matupu, leza itampa bahari ya mbali na kumnyang'anya sindano ya karibu. Kuna wanaokubali jicho moja lirekebishwe kwa mbali na jingine liachwe kwa karibu. Inahitaji kujaribiwa kwanza kwa kontakti lenzi, na kwa mwenye kisukari ambaye jicho moja linaweza kuharibika kabla ya jingine, mimi siipendi.

Kuanzia miaka hamsini na kitu, ningeiondoa LASIK kwenye orodha kwa wengi. Wenye kisukari hupata mtoto wa jicho mapema kuliko wengine, na upasuaji wa mtoto wa jicho hutoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia ambayo namba yake inachaguliwa. Yaani miwani ya mbali inaweza kupungua sana kwa upasuaji ambao ungeuhitaji hata hivyo. Ukiuzwa lenzi ya bei ya juu inayodai kuona mbali na karibu pamoja, na retina yako ina dalili za kisukari, kataa kwa upole: lenzi hizo hupunguza ukali wa picha, na jicho lenye retina dhaifu halina ukali wa kutoa sadaka. Ya kawaida, ya umbali mmoja, inatosha. Na retina itibiwe kabla, kwa sababu uvimbe wa kitovu cha retina unaweza kuzidi baada ya upasuaji.

Kama ni ya nyuma: leza au sindano?

Huyu ni yule mama wa Ngamiani. Siku hizi mishipa mipya na uvimbe wa kitovu cha retina vinatibiwa pia kwa sindano za dawa ndani ya jicho, kama bevacizumab, ranibizumab na aflibercept. Jicho hutiwa ganzi, na sindano ni ya sekunde chache. Kwa uvimbe wa kitovu unaopunguza uoni, sindano zimeishinda leza. Zinaweza hata kurudisha herufi kadhaa kwenye ubao wa kupimia. Kwa mishipa mipya, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulionyesha ranibizumab haikuwa nyuma ya leza kwa miaka miwili, na uoni wa pembeni ulisalimika zaidi.

Ukisoma hapo utasema sindano. Sasa weka Tanga kwenye mizani. Sindano huanza kila mwezi, na zinaweza kuendelea kwa miaka. Bombo ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya mkoa na ndipo pa kuanzia, lakini kwa retina unaweza kuelekezwa KCMC Moshi, au Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam. Moshi na Dar ni karibu kilomita 350 kila upande. Kutoka stendi ya Kange kila mwezi, na mtu wa kukusindikiza, na chakula, na kulala: wangapi watamaliza mwaka? Mgonjwa wa mishipa mipya aliyetegemea sindano peke yake kisha akapotea miezi sita huweza kurudi na jicho limejaa damu au retina imebanduka. Leza ikishachomwa, kinga yake inabaki hata ukikosa nauli.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Korogwe, Handeni au Pangani si ule ningempa mtu wa Upanga, Dar es Salaam. Mishipa mipya imeota na hujui kama utaweza kurudi: omba leza, ikamilike kwa safari chache iwezekanavyo. Kitovu kimevimba: sindano, lakini panga fedha za miezi sita ya mwanzo kabla ya kuanza, na uliza bima yako inalipa nini. Wengine hupewa vyote viwili. Piga simu kabla ya kupanda basi, uulize kama mashine ya leza inafanya kazi wiki hiyo na kama daktari wa retina yupo.

Ukichelewa mpaka damu ikajaa au retina ikavutwa, unabaki upasuaji wa ndani ya jicho. Wakati mwingine daktari huacha gesi jichoni ili iibane retina. Gesi hupanuka unapopanda juu na inaweza kupandisha presha ya jicho kwa hatari, kwa hiyo si ndege tu iliyokatazwa. Mtu wa Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, asipandishe ile milima kutoka Mombo akiwa na gesi jichoni mpaka daktari aseme imekwisha. Ashukie kwa ndugu zake Tanga mjini.

Karatasi za kubeba

Ukienda kuonana na daktari yeyote kati ya hawa, beba majibu ya HbA1c mawili ya karibuni, daftari la sukari, presha yako ya damu, majibu ya figo, orodha ya dawa, na namba za miwani za miaka miwili kama unazo. Muulize ameshawafanyia wangapi wenye kisukari na nani atakuona jicho likigoma kupona wiki ya pili, wewe ukiwa umesharudi Tanga. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la mwisho, mshukuru uondoke.

Na ukifanyiwa leza ya mbele, omba nakala ya vipimo vya konea na namba ya kabla ya upasuaji, uvitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku mtoto wa jicho atakapokuja, daktari atahitaji namba hizo kukokotoa lenzi ya bandia, kwa sababu konea iliyochongwa huzipotosha hesabu za kawaida.